Ukuta wa Upande wa Wanawake

Kanisa letu la Salemu lina milango miwili, wa wanaume kushoto na wa wanawake kulia, na tangu mababu zetu walipotoka Ujerumani wakaja kulijenga hapa Texas mwaka 1855, hakuna aliyekosea mlango isipokuwa mbwa na Walutheri. Ndani, njia ya katikati inatutenga. Mume na mke huachana mlangoni na kukutana tena baada ya baraka. Hata tunapopaka kuta chokaa nyeupe kila mwaka, wanaume hupaka ukuta wao na sisi tunapaka wetu. Watu wa mjini wakituuliza sababu, tunawaambia ndivyo tulivyokuta.

Mwaka huu kanisa linatimiza miaka mia, na Ndugu Gotthilf Wendland, mwenyekiti wa wadhamini, akajitwika kazi ya kuandika historia yake. Mimi Hulda nikapewa kuipiga taipu, kwa kuwa mashine ni yangu na, kama alivyosema mwenyewe, mdomo ni wangu pia. Aliniletea kurasa arobaini. Thelathini na moja zilimhusu babu yake.

Nilikuwa nimefika nusu ya kazi Shangazi Alwine alipoingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Ana miaka themanini na sita na hajawahi kubisha hodi popote.

"Nisomee pale wanapojenga," akasema.

Nikasoma: wanaume tisa walilijenga kanisa kwa mikono yao, toka msingi hadi paa. Nikataka kuishia hapo, lakini alikuwa ananikazia macho, basi nikaendelea. Mwaka huohuo Dada Dorothee alipata kilema cha mguu, kwa kupigwa teke na ng'ombe ambaye alizembea kumfunga.

Dorothee alikuwa mama yake Shangazi.

"Ng'ombe tena!" Shangazi akapiga meza, vikombe vikaruka. "Jiwe, Hulda! Jiwe lilimwangukia mguuni akijenga ule ukuta wa kanisa. Shule nzima ilikuwa ikinililia muu, muu, kila nikipita. Mama alichechemea miaka arobaini huku watu wakimcheka. Mimi siku zangu zimekwisha, lakini sifi nikamwacha yule ng'ombe kitabuni."

"Kitabu kinakwenda kuchapwa Jumamosi, Shangazi. Na leo Alhamisi."

"Basi unangoja nini? Vaa viatu."

Tulimkuta Gotthilf kanisani, upande wake, akipima mahali pa kuweka meza za sherehe. Shangazi alimweleza yote. Mwaka ule wa ukame wanaume waliacha msingi tu, wakaenda pwani na magari ya ng'ombe kusafirisha mizigo ya watu ili wapate chakula. Wanawake wakabaki. Wakapasua mawe, wakachanganya chokaa, wakajenga. Wanaume waliporudi walikuta kuta zimefika juu; wakaezeka paa, kisha wakaandika majina yao.

Gotthilf alisikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi.

"Shangazi, daftari la kanisa ninalo. Hakuna jina la mwanamke hata moja."

"Daftari lilishikwa na nani?"

"Na babu."

"Haya!"

"Lakini siwezi kuandika maneno ya mdomoni. Nionyeshe kitu."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa kastabini ya mama yake, kile kikofia cha chuma tunachovaa kidoleni tukishona. Hiki kilikuwa na ufa upande mmoja. Nilipouona ule ufa nikaona aibu, maana niliujua. Naujua tangu utotoni. Kwenye ukuta wetu, karibu na benchi la tatu, katikati ya mawe, kuna vitundu tisa vyenye chembechembe ndani, cha kwanza kikiwa na alama ya ufa huohuo, na kila msichana wa Salemu amekaa na kidole chake humo mahubiri yakirefuka. Tunapopaka chokaa mama zetu hutuambia, vitundu usizibe. Hakuna aliyesema kwa nini. Na sikuwahi kuuliza, mimi mwenye mdomo!

"Vitundu gani?" Gotthilf akauliza.

Tukatazamana, mimi na Shangazi. Miaka mia! Sisi tulidhani wanaume wanavijua. Wao hawajawahi kukanyaga huku.

"Njoo uone," nikamwambia.

Akafika kwenye njia ya katikati, akasimama.

"Huko ni kwa akina mama."

"Hatung'ati, Ndugu. Vuka."

Akavuka, akitembea kwa ncha za vidole mtu mzima na uzito wake. Shangazi akaingiza kastabini ya mama yake katika kitundu cha kwanza. Ikaingia sawasawa, ufa juu ya alama ya ufa. Gotthilf akapiga goti. Amejenga mazizi maisha yake yote, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa.

"Chokaa hukubali kidole ikiwa mbichi tu," akasema polepole. "Aliyeweka alama hii aliiweka siku jiwe lilipowekwa."

Akapitisha kidole kitundu baada ya kitundu. Kwenye cha saba akasita. Ndani yake mlikuwa na ua dogo la majani matano. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi utosini, akajikuna.

"Hii naijua," akasema. "Bibi yangu Karoline. Kastabini hii imenigonga kichwani miaka saba, kila nilipokosea katekisimu."

"Inaonekana hakukugonga vya kutosha," Shangazi akasema.

Tulicheka mpaka machozi, na ya Gotthilf hayakuwa ya kicheko pekee. Ijumaa alikuja kwangu na kurasa mpya, zenye majina aliyotajiwa na Shangazi, nikapiga taipu hadi vidole vikaniuma, na kwa mara ya kwanza sikumbishia hata neno.

Siku ya sherehe tulikuwa na soseji, keki za pichi na maji ya limau ya kutosha kuogelea, kwa kuwa sisi hatunywi pombe, bia ni ya Walutheri, nao walikuja na kiu yao wakavumilia. Ndani, Gotthilf akasimama kusoma. Alisoma majina ya wanawake tisa, Dorothee wa kwanza, na akasema mguu wake ulivunjwa na jiwe la nyumba hii. Kisha akashusha karatasi, akamtazama Shangazi Alwine ng'ambo ya njia.

"Na iandikwe," akasema, "kwamba ng'ombe hakuhusika."

Kanisa zima likaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alikuwa analia waziwazi, kidole chake kikiwa ndani ya kitundu cha mama yake, na hakukitoa hadi baraka.