Hapana ya Nabututu

Nabututu wa Obunga hakujua kusema hapana. Kunguru alimwomba jicho la samaki, akampa, kisha akamwomba radhi kwa kuwa lilikuwa moja. Moshi wa jiko la jirani ukimfuata, yeye ndiye aliyesogea.

Alikaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aitwaye mbuta baada ya kiwanda kuchukua minofu, katika kibanda alichoachiwa na marehemu mumewe, Wechuli. Kibanda hicho kilimlisha na kumsomesha binti yake, Sylvia. Hakuwa na kingine.

Mimi na Joram, wastaafu ambao kazi yetu ilikuwa kulisugua benchi lake, tuliwekeana dau: atakayekisia ni nani ataambiwa hapana ya kwanza, atanunuliwa mgongo mzima. Joram alimtaja Benta. Mimi, kwa ukorofi tu, nikasema Sylvia.

"Mtoto wake wa kuzaa? Omera, wewe umeoza kichwa."

Joram alikuwa na sababu. Benta, mwenye ulimi wa wembe, hakuwa na kibanda. Aliomba kivuli kwa Nabututu, "wiki moja tu, Mama Sylvia," akakaa miaka miwili, na jiko lake likawa mbele.

Siku moja mwenyekiti wa soko, Ogola, alikuja na daftari. Vibanda vingejengwa upya. Kila mwenye kibanda ashike nguzo yake ataje jina; asiyeandikwa ang'oke.

Ogola alipofika kwa jirani, Benta akageuka. "Mama Sylvia, nishikie hii karai. Mkono imechoka, wacha niegemee nguzo kidogo."

"Sawa tu."

Ogola akafika. "Nguzo ya nani hii?"

"Benta Aloo," alijibu Benta kwa sauti ya kwaya.

Ogola hakuwa mjinga. Alimtazama Nabututu, aliyesimama na karai la mafuta moto mikononi. "Mama, ni kweli?"

Soko zima liligeuka kumtazama. Hata mafuta, nakuapia, yaliacha kuchemka.

"Sawa tu," alisema Nabututu.

"Yawa! Si mmesikia? Mwenyewe amekubali!" Benta alicheka mpaka leso ikamdondoka. Nasi tulicheka. Nisidanganye, tulicheka sana.

Sylvia akapata habari, akaja mbio kutoka Otonglo alikokuwa akishona nguo, sindano bado imechomekwa kolani.

"Mama, Mzee Ogola bado yuko pale langoni. Amesema neno moja tu kutoka kwako, anafuta. Twende."

Nabututu alitazama vidole vyake vilivyoungua.

"Basi nitamwambia mimi," Sylvia alisema.

"Hapana."

Neno lilitoka kama mwiba uliokaa kooni miaka hamsini. Joram alinishika goti.

"Hapana, Sylvia. Utamkasirisha Benta."

"Na mimi je, Mama? Nikikasirika mimi?"

Nabututu aligeuza samaki katika karai la Benta. Hasira ya mwanawe hakuwahi kuiogopa. Ndiyo maana aliweza kumkatalia. Sylvia alirudi Otonglo, na Obunga hajakanyaga tena.

Kesho yake Joram alilipa dau. Mgongo ulikaangwa na Benta chini ya bati la Wechuli. Aliyeniletea sahani, aproni ya Benta kiunoni, alikuwa Nabututu.

Chumvi ilikuwa mezani, mbele ya mkono wangu. Nikamwomba aniletee nyingine.

"Sawa tu, Mzee," akasema, akaenda kuitafuta.