Nyuma ya Lundo la Pumba

Kitendawili hiki nilikitunga mwenyewe: nampikia kila siku, sijamwona uso. Wajukuu wangu hujibu moto, wengine husema Mungu, na wote hunipa mji. Jibu ni baba mkwe. Mnacheka, lakini siku moja kitendawili hicho nilikitega mbele ya Baraza la Kazi pale Kyela mjini, na hakuna aliyecheka.

Kwetu mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe wake. Si kwamba mzee ni mkali. Humtazami, huketi alipo, jina lake hulitamki. Ukimsikia njiani unaingia migombani mpaka apite. Naye akijua uko karibu atakohoa ili ujifiche. Ni heshima, na enzi zetu mke aliyeivunja alisemwa kuanzia Ipinda mpaka Matema.

Sasa, mimi na baba mkwe wangu tulikuwa waajiriwa wa kinu kimoja cha mpunga, kinu cha shirika, pale Ipinda. Mimi nilishona midomo ya magunia mchana. Yeye alikuwa mlinzi wa usiku. Miaka kumi na mmoja, na hatukukutana hata mara moja! Saa kumi na mbili asubuhi alikohoa mara mbili kwenye lango la nyuma, akatoka. Mimi nikahesabu hadi ishirini, ndipo nikaingia kwa lango la mbele. Kila asubuhi ilikuwa hivyo.

Mwaka wa tisini na nne tukaambiwa kinu kinauzwa na watu wanapunguzwa. Wote, wa mchana na wa usiku, tufike Ijumaa saa tatu kusaini fomu. Atakayesaini atalipwa kiinua mgongo na ataruhusiwa kuchukua akiba yake ya mfuko. Asiyefika ataandikwa ameacha kazi mwenyewe, na hapati kitu.

Fedha hiyo nilikuwa nimeshaipangia kazi. Mume wangu Ezra aliangukiwa na mti, mguu haukupona sawasawa, na jembe lilikuwa limemshinda. Dukani kwa Mwanaheri kulikuwa na cherehani ya mkono, kuukuu lakini nzima. Nilimwomba aniwekee.

"Nakuwekea mpaka mwisho wa mwezi wa sita, shoga," aliniambia. "Ukipita hapo usinilaumu. Kuna fundi wa Njisi anaiulizia kila siku ya gulio."

Ijumaa nikafika mapema. Nikakata kona ya ghala, nikaona meza barazani, karani Clemence na daftari lake, na benchi moja. Mwisho wa benchi, karibu kabisa na meza, nikaona viatu vya matairi ninavyovijua kwa nyayo zake tu matopeni. Sikupandisha macho zaidi ya hapo. Nikaruka nyuma ya lundo la pumba.

Nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Basi nikajua amejua. Nikahesabu hadi ishirini. Nikahesabu tena. Benchi halikulia. Clemence alikuwa anaita majina, watu wanasaini, wanaondoka, na yule mzee amekaa tu. Pumba ziliniwasha shingo, jua likapanda. Halafu nikasikia jina langu.

Mara ya kwanza nikainua mguu. Mguu ukagoma. Mara ya pili nikafungua mdomo, lakini sauti ya mke wa mtu kupita juu ya kichwa cha mkwe wake, itapita vipi? Mara ya tatu Clemence akasema, "Hayupo. Mtoro," nikasikia kalamu inakwaruza.

Mzee aliitwa wa mwisho kabisa, maana walinzi waliwekwa mwishoni. Aliposaini na kuondoka nilitoka mbio, pumba hadi nyweleni.

"Nilikuwepo!" nikamwambia Clemence.

"Wapi?"

"Pale nyuma."

"Unafanya nini pale nyuma, mama? Unataga?"

Ningemjibuje? Kijana mgeni, wa mkoa wa mbali, na jambo lenyewe halisemwi hovyo. Akafunga daftari.

Usiku huo sikula. Asubuhi Ezra akanipa karatasi. "Umesoma hadi darasa la saba," akasema. "Andika rufaa." Nikaandika kwa mwandiko wangu wa magunia, nikaipeleka ofisi ya kazi Kyela mjini. Nikapangiwa siku, na sharti moja: nije na shahidi aliyejua kwamba nilikuwepo.

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani.

Ezra akaenda kwa baba yake, akarudi akichechemea, amenuna.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Hajasema. Alikuwa anachonga mpini. Nikaongea, akachonga. Nikanyamaza, akachonga."

"Atakuja?"

"Nimekwambia, alichonga!"

Siku ya Baraza ilikuwa mwezi wa sita, tarehe ishirini na mbili. Afisa kazi aliitwa Bwana Mudathiri, mtu wa Tanga, mpole lakini mwenye saa mkononi. Kulia kwake aliketi mjumbe wa Baraza, Mwalimu Yakobo, mzaliwa wa hapahapa Kyela. Clemence alikuja na daftari lile lile.

"Jina liliitwa mara tatu," Clemence akasoma. "Hakuitika. Alitokea baada ya zoezi kufungwa."

"Ni kweli hukuitika?" Bwana Mudathiri akaniuliza.

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Na ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mama, mtu aliyepo akiitwa huitika. Kilichokuzuia ni nini?"

Nikatazama mlango. Hakuna mtu. Nikaona cherehani yangu inabebwa kwenda Njisi. Kumtaja mzee siwezi, na kunyamaza siwezi. Mdomo ukafanya ulichozoea.

"Kitendawili," nikasema.

Bwana Mudathiri akaweka kalamu chini. "Mama, hapa ni Baraza."

"Nampikia kila siku, sijamwona uso."

Bwana Mudathiri akatazama saa. "Kama huna shahidi, nitalazimika kuthibitisha uamuzi wa..."

Nje ya dirisha mtu akakohoa. Mara mbili.

Nikajikuta nimesimama, kanga juu ya kichwa, uso ukutani. Sikufikiri, mwili wenyewe ulifanya.

"Nani huyo?" Bwana Mudathiri akauliza. Mwalimu Yakobo akachungulia, akataja jina ambalo mpaka leo silitamki. "Mzee, ingia ndani," Bwana Mudathiri akasema.

"Siingii," sauti ikajibu. Miaka yote ile nilikuwa najua kikohozi chake tu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akinena maneno marefu. "Nitasema hapahapa nje. Yupo ndani."

"Unamjua mlalamikaji?"

"Ni mke wa mwanangu. Siku ile alikuwa nyuma ya pumba tangu saa tatu. Niliona upindo wa nguo yake. Nikakohoa, akabaki amejificha kama inavyopasa."

"Sasa mbona hukuondoka ukampisha?"

Nikasikia viatu vya matairi vikisogea dirishani.

"Niliogopa," akasema. "Nilisema nikinyanyuka na mimi nitaitwa sipo, niandikwe mtoro uzeeni. Nilisikia jina lake mara tatu. Nikakaa. Kosa si la mtoto huyu. Ni langu, na la lile benchi."

Machozi yakanitoka pale ukutani. Clemence naye akavua kofia, akaiweka mapajani.

Bwana Mudathiri akamgeukia mwenzake. "Mwalimu, hili lipo kweli?"

"Lipo, mheshimiwa. Na kitendawili chake ndicho hicho. Anayepikiwa bila kuonwa uso ni huyo hapo dirishani."

Bwana Mudathiri akavuta daftari kwa Clemence, akapiga mstari juu ya neno mtoro, akaandika pembeni, akasaini. "Amepunguzwa kazi kama wenzake," akasema. "Alipwe. Na karani, siku nyingine peleka daftari kwa watu, usingoje watu waje kwenye daftari."

"Ndaga fijo," mzee akashukuru kule nje. Nikasikia viatu vya matairi vikiondoka.

Malipo yalitoka tarehe ishirini na nane. Nikafika kwa Mwanaheri nahema. "Mwenzio wa Njisi alikuwa hapa jana," akasema, akinisaidia kujitwisha ile cherehani. "Nilimwambia nina mgonjwa, arudi mwezi ujao."

Nguo ya kwanza niliyoshona ilikuwa shati la mzee. Kumpima singeweza, kwa hiyo Ezra aliiba shati lake kuukuu kambani, nikakaa nalo mezani siku mbili, nikashona jipya kwa kipimo chake, Ezra akapeleka.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kikohozi nyuma ya migomba, mara mbili kama kawaida. Nikahesabu hadi ishirini. Halafu nikaongeza kumi nyingine, apite taratibu na shati lake jipya.