Upepo wa Undali

Studio ya Yesaya ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya malori, Tunduma, karibu na foleni ya kuvuka mpaka. Maprodyuza wengine wa mjini walipakua ngoma mtandaoni, zilezile alizonazo kila mtu kuanzia Mbeya hadi Lusaka. Yeye alitengeneza za kwake. Alilipiga tairi la lori kwa nyundo iliyofungwa tambara, akaukata mlio ule na kuuongezea uzito, akapata ngoma inayogonga kifuani. Pumzi ya breki za lori, aliyoirekodi barabarani na kuifupisha, ndiyo ilikuwa kayamba yake. Mlio wa mashine ya kumenya kahawa aliugeuza mwisho ukawa mwanzo, ukasikika kama mtu anayevuta hewa kabla ya kusema neno.

"Kila kitu kina muziki ndani," alikuwa akimwambia Luka, mwimbaji wake. "Kazi ni kuondoa kisichotakiwa."

Luka, Mnamwanga wa palepale Tunduma mwenye wajomba zake Nakonde, upande wa Zambia, alicheka tu. Yeye alitaka wimbo utakaopigwa pande zote mbili za mpaka.

Mvua za masika zilipokolea, simu ikaja kutoka Ileje. Tumpale, mtoto wa dada yake Yesaya, amefariki. Alikuwa darasa la kwanza. Homa ilimpanda, mama yake akamfunga mgongoni na kupanda bodaboda kumkimbiza hospitali ya Itumba. Njiani wakakuta maji yamelibeba daraja. Walipokuwa wamesimama kwenye tope wakitafuta pa kuvukia, mtoto akakata roho mgongoni.

Yesaya alisafiri siku hiyohiyo. Dada yake, Tupokigwe, ndiye aliyemlea. Mama yao, Gwantwa, alipopooza miguu, Tupokigwe aliacha shule akampikia, akamfulia, akampeleka mdogo wake shule kwa mkono. Sasa Yesaya alimkuta ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho makavu, akitazama ukuta.

"Pole, dada."

"Umekuja," alisema Tupokigwe. Kisha: "Una ile mashine yako ya kurekodia? Jairo hawezi kuwahi."

Jairo, mume wake, alikuwa kibarua kwenye migodi ya Zambia, na mwili usingeweza kumngoja.

"Ninayo."

"Basi mrekodie kwaya. Angalau asikie mwanawe alivyosindikizwa."

Makaburini Yesaya alisimama pembeni, rekoda mkononi. Kwaya iliimba vizuri, sauti za kiume zikitembea chini kama gogo linaloburutwa. Lakini jeneza lilipoanza kuteremka, Tupokigwe alifungua kinywa. Kilikuwa kilio kimoja tu, kirefu. Kilianzia chini kabisa, kikapanda, kikavunjika juu, na kwenye ule mvunjiko likatoka jina la mtoto. Kwaya ikanyamaza. Mchungaji akafunga kitabu.

Yesaya alikuwa akilia kama wengine. Hata hivyo jicho lake moja lilishuka kwenye rekoda kuangalia kama sauti imepita kiwango. Haikuwa imepita. Imenaswa vizuri, aliwaza, na papo hapo wazo hilo likamchukiza.

Kabla ya kumtumia Jairo zile nyimbo, alikitoa kilio. "Kitamuumiza mno," alimwambia dada yake, naye akakubali. Alirudi Tunduma, na kile kipande kikabaki ndani ya kompyuta.

Wimbo waliokuwa nao mkononi wakati huo uliitwa "Toa Kiatu", wa kuchezwa kwenye mabaa na maharusi. Luka alikuwa amekwisha kuimba, lakini kila waliposikiliza alitikisa kichwa.

"Besi ipo, ngoma zipo," alisema. "Ila ni kama nyumba isiyo na mtu."

Yesaya alihangaika nao. Alirekodi upepo kwenye mabati, mlio wa waya wa umeme, mluzi wa chupa. Vyote vilikaa juu ya wimbo kama mafuta juu ya maji. Mchana mmoja, akiwa peke yake, alifungua kile kipande.

Alijiambia anasikiliza tu. Kisha akakishusha sauti mpaka hakikuwa tena cha mwanamke. Akakivuta, sekunde chache zikawa nusu dakika nzima, ikatoka ngurumo nene inayojikunja polepole. Akachuja ukali wote wa juu, akakipa mwangwi mrefu wa jengo tupu, akakilaza chini ya ngoma. Wimbo ukapata mtu ndani.

Kimefichika, asingeweza kukijua yeyote. Angeweza kukiacha hivyo. Lakini katikati ya wimbo, pale ngoma zinaponyamaza na wachezaji wanangoja zirudi, alihitaji kitu cha kupanda. Akaanza kufungua kichujio kidogo kidogo, huku akirudisha sauti juu ilikokuwa. Ngurumo ikapanda, ikang'aa, ikawa karibu na koo la mtu. Mwishoni kabisa, kabla ya ngoma kuanguka tena, kwa muda wa kupepesa jicho, jina lilikuwa wazi. Alijua. Alijaribu kufunga mapema kidogo, wimbo ukapoa. Akaacha wazi.

Luka aliposikiliza alishika mkono wake mwenyewe. "Nywele zimenisimama. Hiki ni nini?"

"Upepo," alisema Yesaya. "Niliurekodi milimani kwetu, Undali."

Kufikia wakati wa mavuno, "Toa Kiatu" ulikuwa kwenye kila sabufa. Bodaboda waliupiga, malori yaliupeleka Nakonde na kuurudisha. Watoto walisimama barabarani, wakangoja pale ngoma zinaponyamaza, wakarusha kandambili hewani.

Tupokigwe hakuwa na redio. Alikuja kuusikia Mlowo, alikopeleka maharage sokoni. Kesho yake alifika studio na mfuko wake begani, vumbi la safari miguuni.

"Shikamoo, dada. Mbona hukunipigia? Ningekupokea."

Hakuitikia. Alibaki mlangoni. "Nipigie wimbo wako."

"Upi?"

"Yesaya."

Aliupiga. Walisikiliza mpaka pale katikati, sauti ikapanda, jina likapita. Tupokigwe aliinua kiganja, naye akazima.

"Nilikuwa kwenye mizani," alisema dada yake. "Wanapima mzigo, mimi nasubiri. Nikasikia mtu anamwita mwanangu. Nikageuka, nikaangalia watu wote. Kumbe ni mimi."

"Dada, niliibadilisha sana. Hakuna anayeweza kujua."

"Mimi nimejua."

"Sikukusudia kukudhihaki. Kila nilichotengeneza kilikuwa hakina ukweli. Kile tu ndicho kilikuwa nacho."

"Ukweli wa nani?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulikikata, ukasema kitamuumiza baba wa mtoto. Jairo hukumpa. Ukawapa walevi warushe viatu."

Nje, lori lilipiga honi, lingine likajibu.

"Kitoe," alisema Tupokigwe.

"Mtandaoni nitautoa leo. Lakini dada, umeshaingia kwenye simu za watu. Huko sina mkono."

"Basi kitoe kwako."

Alikifuta mbele yake, kipande cha asili na nakala zote. Tupokigwe aliangalia kioo cha kompyuta kana kwamba angeweza kuona kitu kikiondoka. Yesaya alipomwomba akae ale, aliubeba mfuko wake. "Mama yuko peke yake," alisema, akatoka.

Luka alipoambiwa aliketi juu ya spika. "Nimeimba utani juu ya msiba," alisema. "Kaka, wewe uliniambia ni upepo." Alikubali wimbo uondolewe. Hakurudi tena kurekodi pale.

Yesaya alitengeneza toleo jipya. Safari hii alitumia upepo wa kweli, akawagawia madijei bure na kuwasihi wafute lile la zamani. Walilisikiliza kwa adabu. "La kwanza ndilo lenyewe, bosi," dijei mmoja wa Nakonde alimwambia. "Hili halina roho." Likaendelea kupigwa la kwanza.

Mama yao, Gwantwa, alifariki kiangazi hichohicho, usingizini. Yesaya alikwenda Ileje mikono mitupu, bila rekoda; hata simu aliizima na kuiacha ndani. Safari hii Jairo alikuwapo, amesimama karibu na mkewe. Alisalimiana na Yesaya kwa kupeana mikono tu.

Jeneza lilipoanza kuteremka wanawake waliangua kilio. Tupokigwe alikuwa mbele yao. Alikuwa amejaza pindo la kitenge kinywani, ameling'ata, mishipa ya shingo imesimama. Hakutoa sauti yoyote. Macho yake yalikuwa yakipita juu ya watu, mkono kwa mkono, akitafuta nani ameshika nini.

"Lia, mwanangu," shangazi yao, Tukuswiga, alimsihi akimpapasa mgongo. "Ni mama yako huyu. Usijifunge hivyo, utaugua."

Tupokigwe alitikisa kichwa.

Baada ya maziko, wanaume walipokuwa wakirudisha mabenchi ya kanisa, Yesaya alimwona akiteremka peke yake kwenye migomba, kuelekea bondeni kusikokuwa na nyumba. Jairo alitaka kumfuata, Tukuswiga akamzuia.

"Mwache. Tangu wakati wa mavuno analilia huko huko. Anasema huko hakuna anayesikia."

Yesaya alinyanyua upande wake wa benchi. Mwenzake alikuwa akingoja.