Nyundo ya Mzee Telesphor

Reli nyembamba ya kampuni ya mgodi iling'olewa zamani, ikauzwa kama chuma chakavu. Kilibaki kipande kimoja tu, kilichoning'inizwa kwa mnyororo kuwa kengele ya kanisa la kigango cha Mwamkulu. Kila asubuhi Mzee Telesphor, aliyekuwa mkaguzi wa reli hiyo, alikigonga kwa nyundo yake, akasikiliza kama kina ufa, kisha akasema, "Njia ni nzima. Treni ipite."

Alipofariki, binti yake Romana aliichukua nyundo ile akagonge kengele ya msiba. Akakuta mnyororo mtupu. Wezi wa vyuma, wasiomwogopa hata Mungu, walishakibeba kile kipande. Akarudi nyumbani, akapiga magoti, akaligonga jeneza taratibu kwa nyundo, akatega sikio.

"Njia ni nzima, baba," akasema. "Pita."