Kiti cha Roma kwenda Venisi

Gakii alikuwa mtu wa kusema sawa. Ndiyo maana Chelsea, muuguzi mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja mtaani Fereej Bin Mahmoud, kwenye nchi ya Kiarabu walikofanya kazi, hakuona taabu kumwomba amshikie zamu za Krismasi, kisha za Pasaka, ili likizo zao ziangukie mwezi mmoja waende Italia pamoja.

Italia yenyewe ilikuwa ndoto ya Gakii. Yeye ndiye aliyesoma habari za treni za huko mpaka akazijua nje ndani. Alimkalisha Chelsea jikoni akamfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: pasi ya treni inakuruhusu kupanda, haikupi kiti. Treni za kasi lazima uweke kiti mapema, na wenye pasi hutengewa vichache tu. Vikiisha, jikokote na treni za mikoani, ushuke hapa, upande pale, siku nzima iishie njiani.

Siku ya kuweka viti Gakii alikuwa wodini, tena kwenye zamu ya huyo huyo Chelsea.

"Nitaweka mimi, dia. Viwili, tukae bega kwa bega," Chelsea alimwambia.

Gakii akaamini. Kwani angeacha kuamini kwa nini?

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, ibada ilipokwisha kule Mesaimeer, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, Sista Loice, mkuu wa wodi yao, alimjia mikono wazi akamkumbatia.

"Gakii, Mungu akubariki! Chelsea ameniambia vile umeniachia kiti chako cha Roma kwenda Venisi. Eti wewe unapenda zile za polepole, uone mashamba. Mimi na huu mgongo singeweza."

Gakii alitaka kusema si kweli. Lakini huyu ndiye aliyepanga zamu zao na kupendekeza nani apandishwe cheo, tena alikuwa mtu mzima, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Angemnyang'anya vipi? Gakii akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Karibu, Sista," alisema.

Alimkuta Chelsea barabarani akitafuta teksi.

"Umeniuza," alimwambia.

Chelsea hakujifanya hajui, angalau hilo. "Aki Gakii, usinikasirikie. Vilikuwa vimebaki viwili tu. Na Sista alikuwa ameskia tunaenda, akataka kuja. Si unajua ile kazi ya kliniki natafuta? Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia vimeisha! Badala yake ukanitilia maneno mdomoni. Miezi hii yote, kumbe nilikuwa nawapangia nyinyi wawili safari."

"Lakini si tutapatana Venisi jioni?"

Jioni! Hasira zilimpanda Gakii, zikaja na machozi, na hayo machozi ndiyo yaliyomuudhi zaidi, maana Chelsea angedhani analilia treni. Alikuwa analia kwa sababu mtu aliyemwita dada alimgawa bila hata kumtazama usoni.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema. "Ungeniomba tu, Chelsea, ningekupa hicho kiti. Ningekupa na roho safi."

Chelsea alishusha pumzi, uso ukamchanua. Akamshika Gakii mkono, akamvuta kwenye teksi iliyokuwa imesimama.

"Unaona sasa? Kumbe ungenipa tu," alisema. "Si basi, khalas, yameisha?"