Uji wa Upande Gani

Kabla ya alfajiri, kandambili zilisikika zikiburuzwa kuelekea jikoni. Mama yake Mfalme hakuhitaji taa. Aliujua mwendo wa mwanawe tangu alipokuwa akisimama dede.

"Ingia, baba," alisema.

Ikaingia nusu ya chini: miguu, kiuno, na tumbo hapo juu. Tumbo likanguruma kwa adabu.

"Marahaba," akaitikia.

Baraza la himaya lilikuwa na makundi mawili, Dirishani na Mlangoni, yakiitwa hivyo kwa viti walivyokalia. Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, ila walimgawana mwenye zizi. Siku ya kutia saini mkataba wa kugawana madaraka, Dirishani walichukua kichwa, kifua na mikono, maana mikono ndiyo hutia saini. Mlangoni walichukua tumbo na miguu, maana miguu ndiyo huenda ziara. Mfalme alitengana taratibu, bila damu, kama vikombe viwili vilivyokwamana, na wajumbe wakapiga makofi. Usiku Mlangoni hawakuifungia miguu. Miguu haitoi siri.

Tatizo lilikuwa chakula. Dirishani walisema hawawezi kushibisha tumbo la wenzao. Mlangoni wakasema wao hawana mdomo, sasa walishe wapi? Kamati ikaundwa, ikala chakula cha mchana, ikaahirishwa. Mfalme akawa anakonda juu na chini kwa usawa, kama mkataba ulivyotaka.

Asubuhi hiyo mama aliligusa lile tumbo, akaona limeshikana na mgongo. Alipika uji, akavaa viatu, akaenda barazani na sufuria yake. Miguu ilitangulia, ikipunguza mwendo kila alipochoka.

Bawabu alimpa kiti chake mwenyewe, akakibeba hadi ndani. Mwanawe alikuwa juu ya mto, mezani, upande wa dirisha, akitia saini. Macho yalikuwa yamemtumbukia.

"Shikamoo, mama," alisema kiongozi wa Dirishani. "Uji huo ni wa upande gani?"

"Marahaba. Ni wa mwanangu."

"Yupi, wa juu au wa chini?" akauliza kiongozi wa Mlangoni.

"Mimi nilizaa mmoja, baba. Ningejua mtamgawana, ningezaa pacha."

Hapo ubishi ukawaka. Mlangoni walidai mama ni wao, kwa kuwa alibeba mimba tumboni. Dirishani wakadai ni wao, kwa kuwa mtoto alinyonya kwa mdomo. Wakafungua mkataba, wakagonga meza, wakaitana wanafiki. Mama akavuta kiti karibu na mto na kumlisha mwanawe kijiko kwa kijiko, akipuliza kwanza. Kule mlangoni tumbo lilijaa polepole, na miguu ikakaa chini, ikapandisha mmoja juu ya mwenzake.

Wajumbe walipogeuka, uji ulikuwa umekwisha. Basi kwa mara ya kwanza wakapatana: kila upande ulitangaza kwamba ndio uliomlisha Mfalme. Ili haki itendeke, Dirishani walichukua sufuria na Mlangoni mfuniko. Kamati ya chakula ikaongezewa wajumbe.

Mama alimfuta mwanawe midomo kwa leso, akainuka. Mfalme akanong'ona, asisikike upande wowote:

"Kesho uje tena, mama. Hata mikono mitupu, wewe uje."