Kamba ya Kisima cha Mama Noel

Festo fundi simu alikuwa hajui woga ni kitu gani. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Aliyasema Jumapili baada ya ibada, mbele ya nusu ya kanisa pale Mtinko, huku ameshika kikombe cha chai mkono mmoja na andazi la mtu mwingine mkono wa pili. Mama Noel alikuwa amelalamika tu kwamba kisima chake kimejaa tope, na fundi wa visima kaenda Iguguno, kurudi kwake hakujulikani.

"Kisima?" Festo alimeza andazi. "Mama Noel, mimi visima nimeshuka mpaka nimechoka. Jumamosi nakuja."

Ukweli ni kwamba Festo alizaliwa Singida mjini, kwenye nyumba yenye bomba uani, na shimo refu kuliko yote aliyowahi kuingiza mkono lilikuwa mfuko wa suruali ya baba yake. Lakini neno lilishatoka, na masikio ya kanisa zima yalishalipokea.

Tena Noel alikuwepo, anasikiliza. Noel alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikwenda machimboni mtoto akiwa bado anatambaa, na hakurudi hata kwa simu. Kanisa lilipoomba vijana wajitolee kuwa kaka walezi wa watoto wa namna hiyo, Festo alikuwa wa tatu kupewa Noel. Wa kwanza alikuja mara mbili. Wa pili alituma ujumbe kwamba amebanwa. Noel hakumlalamikia yeyote, ila aliacha kabisa kumuuliza mtu atakuja tena lini, na hilo ndilo lililomtia Festo adabu ya kutokukosa Jumamosi hata moja. Sasa mtoto alikuwa anafuata maji kijiji cha pili kabla ya shule, na kila siku alifika mistari ya asubuhi imeshavunjwa.

Basi Jumamosi Festo akafika na kamba begani, anapiga mluzi.

"Mimi nakwenda mashineni kusaga," Mama Noel alisema. "Festo, nakuomba kitu kimoja. Huyu asishuke humo. Wewe shuka, yeye abaki juu."

"Huyu? Hatasogea hata hatua."

Mama akaondoka na debe lake la mahindi. Festo akasogea kisimani, akachungulia. Mluzi ukaisha wenyewe.

Kilikuwa shimo la kuchimbwa kwa mkono, halina saruji, jembamba kama koo. Ukutani, pande mbili zinazotazamana, vilichongwa vikanyagio vya kuweka miguu. Noel alisema viko thelathini na nne. Festo alidondosha donge la udongo. Akangoja. Akaanza kufikiri kwamba huenda halikufika, ndipo akasikia *chubwi* nzito, mbali sana.

"Kaka, hatuteremshi kibatari kwanza?"

"Kibatari cha nini, saa nne asubuhi?"

"Kupima hewa. Kikizimika, mtu akishuka anakufa. Fundi alisema analala tu kama usingizi."

Festo akacheka, na kicheko kikatoka chembamba kuliko alivyokusudia. Wakakiteremsha kibatari ndani ya ndoo. Mwali ulipungua, ukapungua, ukabaki kama punje ya mtama, lakini haukuzimika, hata walipokiacha kikining'inia huko chini. Festo aliutazama kwa masikitiko. Angekuwa na udhuru mzuri sana.

Akafunga ncha moja ya kamba kiunoni, nyingine kwenye shina la mti uliokuwa karibu na ua wa minyaa, akaingia.

Vikanyagio vitano vya kwanza vilikuwa vya mchezo. Alimtania Noel kwamba akirudi atamletea samaki. Cha nane, jua lilimwacha. Cha kumi, baridi ilimpanda ndani ya suruali. Alipofika cha kumi na mbili, kipande cha udongo kilimeguka chini ya kisigino chake, kikaenda zake, na yeye akakisikiliza kikienda. *Chubwi.*

Hapo magoti yalikataa. Aliyaambia yashuke, hayakushuka. Aliyaambia yapande, yakaanza kutetemeka kama simu iliyowekwa mtetemo, kila mtetemo ukipukutisha vumbi kutoka ukutani. Alibandika shavu kwenye udongo. Ukuta ulimjia mgongoni na kifuani kwa pamoja. Alitaka kuvuta pumzi, akaona kama pumzi yenyewe ni ya kugawana na mtu mwingine aliyeko chini.

"Kaka Festo? Mbona umesimama?"

"Napumzika."

Noel akainama zaidi mdomoni mwa kisima.

"Kaka, unalia?"

"Ni vumbi," Festo alisema, kisha akamwita mama yake, ambaye wakati huo alikuwa mjini anauza vitenge na hakuwa na habari.

Akamsikia Noel akipiga kelele kuita majirani. Aliita mara tatu, nne. Hakuna aliyejibu. Halafu mwanga ukapungua ghafla. Festo alithubutu kuinua macho, akaona nyayo mbili ndogo, nyeupe kwa vumbi, zimetanuliwa ukutani, zinashuka.

"Noel, rudi juu."

"Nakuja kukuonyesha pa kushika."

"Noel, rudi, nasema. Huna kamba."

"Wewe unayo, tutatumia yako."

Mtoto alishuka akihesabu kwa sauti, kama yuko darasani, mpaka nyayo zikawa usawa wa paji la Festo. "Nane. Kaka, nyoosha mkono wa kulia. Hapo. Shika."

Festo akashika. Na wakati huohuo mguu wa kushoto wa Noel ukateleza.

Kisigino kikamwangukia Festo begani, na uzito wote wa mtoto nyuma yake, kamba ikamkaza kiunoni. Mtoto hakulia. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Chini yao kulikuwa na kile kilichobaki cha kisima, na kibatari kikiangalia juu kama jicho. Festo hakuwahi kuogopa vile maishani, na safari hii woga haukumfunga magoti, ulimkaba shingo na kumsukuma. Aliegemeza kichwa kwenye nyonga ya mtoto, akamwinua.

"Panda. Usitazame chini. Hesabu."

"Saba," Noel alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto kweli. "Sita."

Walipofika sifuri, Festo alilala kifudifudi, macho kayafumba, vidole kavizamisha ardhini kama atakayeibiwa dunia. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, Noel alikuwa amesimama anatazama upande wa ua. Festo akajifungua kamba kiunoni, akaitupa pembeni bila kuitazama.

"Noel, mdogo wangu. Haya tusimsumbue nayo mama."

Noel akatazama tena upande wa ua.

Mama Noel alirudi na debe la unga kichwani. "Imekuwaje?"

"Nimefika chini kabisa," Festo alisema, amejaa udongo vya kutosha kuaminika. "Tope ni jingi, linataka koleo fupi. Jumamosi nashuka tena."

"Na Noel?"

"Alikaa juu. Hajasogea."

Mtu akakohoa nyuma ya minyaa. Mzee Mughwai, jirani, akajitokeza akiburuta ule mguu wake mbovu, polepole kama anavyokwenda kokote.

"Shikamoo mzee," Festo alisema.

Mzee hakuitikia marahaba. Alifungua viganja. Ngozi ilikuwa imechunika katikati, mstari mmoja mwekundu kila mkono.

"Kijana, kamba yako uliifunga wapi?"

"Kwenye mti, mzee."

"Niliposikia mtoto anaita, nikaja. Niliikuta njiani, imeshaachana na mti, inajiburuza kuelekea kisimani. Nikaikanyaga, nikaikamata, ndiyo mkaning'inia mikononi mwangu wote wawili. Mtoto alipotoka nikamwambia anyamaze. Nilitaka nikusikie wewe utasema nini."

Festo akapeleka mkono kiunoni, mahali kamba ilipokuwa, akapapasa pale kama inaweza bado kuwepo.

Mama Noel akatua debe. Hakumtazama Festo. Alitazama miguu ya mwanawe, iliyokuwa na udongo mwekundu mpaka magotini.

"Noel. Ulifika cha ngapi?"

"Cha nane, mama," Noel alisema. "Kaka alikuwa cha kumi na mbili."